Uzoefu wangu na kronografu ya CWC ya marubani wa RAF, ya mwaka 1974

Hii saa nimeivaa miezi 14 sasa karibu kila siku kwahiyo naongea ninachokijua. Ni kronografu, yaani saa ya mkono yenye kipima muda cha kuwasha na kusimamisha kwa vitufe, ya kutia ufunguo, ya kampuni ya CWC, zile walizopewa marubani wa jeshi la anga la Uingereza. Miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80 jeshi lilichukua saa za aina hii kwa Hamilton, CWC, Newmark na Precista, mashine ya ndani ni ileile Valjoux 7733 na bodi ni ileile, imenenepa upande mmoja tu, upande wa vitufe, ili ukijigonga mahali vitufe visiumie.

Nlinunua paundi 1,850 kwenye maonyesho ya saa huku Uingereza, muuzaji kaniapia kabisa imetoka sevisi. Nafika nyumbani nabonyeza kitufe cha juu, mshale wa sekunde unaondoka vizuri, nasimamisha, nabonyeza cha chini urudi, haufiki pale juu kwenye sifuri, unaganda sekunde mbili mbele. Nikarudia na kurudia nimekaa kitandani hata koti sijavua, palepale. Niliumia jamani, hela ya kujinyima mwaka mzima. Kumpigia, ananiambia za zamani ndo zilivyo. Si kweli! Kronografu nzima inarudi sifuri kamili hata iwe na miaka 50, isiporudi ujue mshale umekaa vibaya kwenye mhimili wake au ndani kuna kitu kimelika.

Nikampelekea fundi mmoja mzee, akafungua nikiwa nimesimama pembeni, akanipa lenzi niangalie mwenyewe: oili imekauka imekuwa ya kahawia kama gundi kwenye meno ya gurudumu. Sevisi gani hiyo. Paundi 290 na wiki saba za kusubiri, ila hapo ndo utaipenda 7733, iliwekwa kwenye saa nyingi sana za kiraia kwahiyo spea hazisumbui kivile. Sasa hivi inazidi kama sekunde sita kwa siku, mimi kwangu safi kabisa, na kitufe chake ni kigumu kidogo, unasukuma unasikia kta! kwenye kidole.

Kilichonifanya nisiirudishe ni uso wake. Ile herufi T ndani ya duara maana yake tritiamu, ndo iliyokuwa inawaka gizani, nguvu yake inapungua nusu kila miaka 12 hivi kwahiyo ya 1974 leo hata ikiwaka ni kwa kubahatisha, na rangi imegeuka kama kashata iliyoiva. Ukikuta ya miaka hiyo inawaka kama taa, imepakwa upya hiyo, bei ishuke. Geuza na nyuma: kuna alama ya mshale mpana, ya mali ya serikali, halafu kodi, 6BB ni ya jeshi la anga, 0552 ni ya jeshi la maji, halafu namba, mkwaju (/), mwaka. Yangu inaishia /74. Kama maandishi yamefifia kwa kupigwa polishi mi siichukui, kule nyuma ndo cheti chake cha kuzaliwa.

Mkanda chukua wa nailoni wa kupitisha chini kwa chini, maana vyuma vya kushikia vimechomelewa, havitoki. Kioo ni cha plastiki, kinachubuka haraka ila dawa ya meno kidogo na kitambaa laini mikwaruzo inaondoka. Fundi kanipigia juzi, kapata Newmark, tena haijawahi kupigwa polishi, Jumamosi naenda na lenzi yangu.