Chakula cha mtoto wa mbwa: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Mtoto wa mbwa huachishwa ziwa kati ya wiki ya sita na ya nane. Kuanzia hapo mifupa yake inajengwa na unachomletea wewe. Mpaka afikishe takribani miezi sita, mwili wake haujui vizuri kukataa kalsiamu iliyozidi, na ikipungua hauna akiba ya kutosha kufidia. Kwa hiyo orodha hii haikupangwa kwa bei wala kwa picha ya nyama kwenye mfuko. Imepangwa kwa swali moja: je, chakula hiki peke yake kitamkuza bila kumletea matege?

1. Punje kavu, kamili, za watoto wa mbwa

Hiki ndicho cha kwanza, na hakina mshindani wa karibu. Geuza mfuko usome nyuma. Tafuta maneno yanayosema chakula ni kamili na ni cha ukuaji. Lebo nyingi huandika "complete" na "puppy" au "growth". Ukikuta "complementary", hicho ni cha nyongeza tu, hakitoshi.

Kisha soma tarakimu. Kwa kipimo cha Marekani, chakula cha ukuaji, ukishatoa maji, kiwe na protini isiyopungua asilimia 22.5, mafuta 8.5 na kalsiamu 1.2. Kalsiamu ina dari pia: asilimia 2.5 kwa mbwa wa kawaida, lakini 1.8 kwa atakayevuka kilo 32 akikomaa, kama Boerboel au dume la German Shepherd. Mbwa wa aina hiyo mnunulie mfuko wa "large breed puppy", na usimwongezee vidonge vya kalsiamu hata kama muuzaji anavisifia. Kuvizidisha kunaharibu mifupa ileile unayotaka kuiimarisha.

Kipimo cha mlo kinawapotosha wengi. Punje nyingi zina kilokalori 3,500 hadi 4,000 kwa kilo. Mtoto wa miezi miwili na nusu mwenye kilo 5 anahitaji takribani kilokalori 700 kwa siku, yaani kama gramu 190, uzigawe milo minne. Akifika miezi mitano na kilo 10 anahitaji karibu kilokalori 790, kama gramu 210, milo mitatu. Uzito umekuwa mara mbili, chakula kimeongezeka gramu 20 tu. Anayezidisha bakuli kila mbwa anapozidi kilo anafuga kitambi, na kitambi kwa mbwa mkubwa anayekua ni mzigo kwenye nyonga. Pima kwa mizani ya jikoni, maana kikombe hudanganya.

Bei nayo ilinganishe kwa kilokalori. Tuseme mfuko mmoja ni shilingi 8,000 kwa kilo na una kilokalori 4,000. Mwingine ni shilingi 6,500 na una 3,000. Kilokalori 700 za siku zitakugharimu shilingi 1,400 kwa ule wa kwanza, na zaidi ya 1,500 kwa ule "rahisi".

Nunua mfuko utakaoisha ndani ya mwezi. Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, joto na unyevu huchachusha mafuta ya punje haraka. Ziache ndani ya mfuko wake, ukunje mdomo, kisha mfuko wote uutie kwenye ndoo yenye kifuniko.

2. Punje hizohizo na kitoweo kidogo

Hapa unapata ladha bila kuvuruga mizani, mradi nyongeza isizidi sehemu moja ya kumi ya kilokalori za siku. Kwa yule wa kilo 5, hilo ni yai moja la kuchemsha. Ukiweka yai, punguza punje.

3. Chakula cha kupika nyumbani

Kinawezekana, ila ni kazi ya hesabu. Nyama tupu ina fosforasi zaidi ya mara kumi ya kalsiamu, na mwili huenda kuchukua kalsiamu inayokosekana kwenye mifupa. Mtoto wa mbwa aliyelishwa steki na maini matupu anaweza kuvunjika mguu kwa kuruka ngazi moja. Chungu cha nyama kinataka unga wa ganda la yai: kausha maganda, yasage yawe laini kabisa. Kijiko kimoja cha chai, gramu 5 hivi, kina karibu gramu 1.9 za kalsiamu. Mahitaji ya chini ni gramu 3 kwa kila kilokalori 1,000. Dagaa wakavu wazima huja na kalsiamu yao, kwa hiyo ukiwatumia, ganda lipungue. Waoshe mpaka maji yasiwe na mchanga.

Mapafu na maini ya machinjioni yachemshe angalau nusu saa tangu maji yaanze kutokota. Yakiwa mabichi na yana malengelenge, mbwa hupata minyoo ambayo mayai yake humpa binadamu uvimbe wa ini na mapafu. Turkana wanaujua ugonjwa huo vizuri. Mifupa ya kuku iliyopikwa usitoe, huvunjika kwa ncha kali. Vitunguu pia viache kabisa.

Hata ukifuata yote hayo, zinki, ayodini na vitamini D na E ni vigumu kutosheleza. Mwombe daktari wa mifugo mchanganyiko wa vitamini na madini, akupe na kipimo. Bila huo, chakula hiki kinashuka mpaka mkiani.

4. Makopo

Kama robo tatu ya kopo au zaidi ni maji. Yanafaa kulainishia chakula cha mtoto anayeanza kuacha ziwa, lakini kumlisha hayo tu ni ghali. Lebo ya protini asilimia 8 isikutishe: maji yakiwa 78, ukiyatoa protini ni karibu 36.

5. Punje za kupimiwa

Gunia wazi, hakuna lebo, hakuna tarehe. Zikinuka mafuta yaliyokaa, ondoka.

6. Chakula cha mbwa wakubwa

Kimetengenezwa kwa mwili uliokwisha kukua. Kubali tu kilichoandikwa "all life stages", yaani cha mbwa wa umri wote, tena ukague kalsiamu.

7. Ugali na mchuzi, au maziwa ya ng'ombe

Mahindi makavu yana protini isiyofika nusu ya inayotakiwa, na fitati, kemikali iliyomo kwenye nafaka, huzuia mwili usipate zinki. Dalili ni magamba mdomoni na kwenye nyayo. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe, sumu yake huua ini. Maziwa ya ng'ombe yana takriban nusu ya protini na mafuta ya maziwa ya mbwa, na mara nyingi huharisha.

Unapobadili chakula, chukua siku saba: robo kipya siku mbili, nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, kisha kipya chote. Akiharisha, rudi hatua moja. Akitapika, akiharisha damu au akizubaa, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Mbwa wa aina ndogo mhamishie chakula cha waliokomaa akiwa na miezi 9 hadi 12. Wa aina kubwa msubirie miezi 12 hadi 18.