Kinga dhidi ya kufutwa kwenye Amazon RDS: uzoefu wangu, na mahali inapoishia

Amazon RDS ni huduma ya AWS (wingu la Amazon) inayokuendeshea hifadhidata, na kinga yake dhidi ya kufutwa ni mpangilio unaokataa amri ya kuifuta. Kwa kazi hiyo moja iliyotajwa kwenye jina lake, kinga inafanya vizuri kabisa, na naipendekeza bila kusita kwa kila hifadhidata inayobeba data za watu. Haina malipo, haihitaji kuzima na kuwasha hifadhidata, na programu yako haitahisi chochote. Ninachokiogopa ni mtu kuweka tiki kisha akalala fofofo, maana tiki hiyo inalinda kitu kimoja tu kati ya vingi vinavyoweza kupotea.

Kuiwasha ni amri moja:

aws rds modify-db-instance --db-instance-identifier mauzo-prod --deletion-protection --apply-immediately

Tangu hapo, anayejaribu kuifuta anajibiwa hivi: "Cannot delete protected DB Instance, please disable deletion protection and try again." Ujumbe huu naupenda kwa sababu unamsimamisha mtu na kumrudisha kusoma tena jina aliloliandika. Ajali nyingi za namna hii hutokea pale ambapo mauzo-test na mauzo-prod ziko kwenye ukurasa mmoja.

Angalia mipangilio ya mwanzo. Ukiunda hifadhidata kwenye konsoli kwa kiolezo cha uzalishaji, tiki utaikuta imeshawekwa. Ukiiunda kwa amri au kwa skripti, kinga imezimwa mpaka uiombe. Kwa kuwa timu nyingi sasa huunda kila kitu kwa skripti, usidhani ipo. Kagua:

aws rds describe-db-instances --query 'DBInstances[?DeletionProtection==`false`].DBInstanceIdentifier' --output text

Majina yatakayotoka ndiyo yasiyo na kinga. Amri hii inaangalia eneo moja tu la AWS, kwa hiyo kama una seva Cape Town na Ireland, iendeshe mara mbili ukibadilisha --region.

Sasa mipaka yake. RDS inailinda hifadhidata kama mtambo. Yaliyomo ndani hayaihusu. DROP TABLE (kufuta jedwali), TRUNCATE (kumwaga rekodi zote), au DELETE iliyosahauliwa WHERE (sharti la rekodi zipi), vyote vinapita kana kwamba hakuna kinga, kwa sababu amri hizo zinakwenda moja kwa moja kwa PostgreSQL au MySQL, yaani programu ya hifadhidata yenyewe. Dawa yake ni kutenganisha watumiaji. Kwenye PostgreSQL, mwenye uwezo wa kudondosha jedwali ni mmiliki wake, basi mmiliki awe mtumiaji wa kuhamisha muundo tu, na programu iingie kwa mtumiaji mwingine aliyepewa SELECT, INSERT, UPDATE na DELETE peke yake. Kwa kazi ya mkono, anza na BEGIN, tazama idadi ya rekodi zilizoguswa, ndipo uandike COMMIT. PostgreSQL inakuruhusu kurudisha hata DROP TABLE kwa ROLLBACK. MySQL haina huruma hiyo: DROP inajikamilisha papo hapo. Angalau fungua kiteja chake na --safe-updates, kinachokataa DELETE isiyo na sharti la ufunguo wala LIMIT.

Mpaka wa pili: mwenye ruhusa ya rds:ModifyDBInstance (kubadilisha mipangilio) anaweza kuzima kinga, na akiwa pia na rds:DeleteDBInstance, amri mbili zinamtosha. Kinga inazuia mkono ulioteleza. Skripti ya usafi iliyoandikwa izime kinga kwanza haizuiliki. Kwa hiyo weka katazo la rds:DeleteDBInstance, rds:DeleteDBCluster na rds:DeleteDBSnapshot kwenye ruhusa za kila siku, na ikiwezekana kwenye sera ya shirika zima juu ya akaunti. Kukataza ModifyDBInstance nayo kunasumbua, kwani ndiyo inayotumika hata kuongeza ukubwa wa diski.

Wanaotumia Terraform, chombo cha kuunda mitambo ya wingu kwa faili, wana mtego wao. Sifa kama storage_encrypted (usimbaji wa diski) haibadilishwi mahali pake. Ukiigusa, Terraform inapanga kufuta hifadhidata na kuunda nyingine tupu. Kwenye plan (orodha ya mabadiliko kabla hayajatekelezwa) utaona alama -/+ na maneno "forces replacement". Yasome kila mara, hata kama badiliko lako ni la mstari mmoja. Weka deletion_protection = true pamoja na prevent_destroy = true, kwa sababu hazifanyi kazi moja: ya pili inasimamisha mambo wakati wa kupanga, ya kwanza inagoma huko AWS wakati wa kutekeleza. Ukiondoa kipande chote cha hifadhidata kwenye faili, prevent_destroy inaondoka nacho, na inayobaki kukuokoa ni ile ya AWS. Kisha tazama skip_final_snapshot, inayosema kama snapshoti (nakala ya hifadhidata nzima ya wakati mmoja) ya mwisho irukwe kabla ya kufuta. Kwa kawaida ni false, ila mifano mingi mitandaoni huandika true ili destroy ipite kirahisi, na watu hunakili hivyo hivyo hadi kwenye uzalishaji.

Kama hifadhidata imeshafutwa, swali linakuwa moja: kimebaki nini? Nakala rudufu ambazo RDS hujipigia yenyewe hutunzwa kati ya siku 0 na 35. Konsoli huanza na 7, amri na API huanza na siku 1, ambayo ni kidogo mno: kosa la Ijumaa jioni likigunduliwa Jumatatu, hakuna pa kurudi. Mimi naweka 35. Ukiweka 0 unazifuta zote zilizokuwepo. Na hifadhidata ikifutwa, nakala hizi hufutwa nayo usipochagua kuzibakiza. Kwa amri ni --no-delete-automated-backups. Hata zikibakizwa, zinaisha muda wake ukifika. Snapshoti uliyoipiga mwenyewe, na ile ya mwisho kabla ya kufuta, hubaki mpaka mtu azifute.

Kurejesha ndiko kunakowashangaza watu. RDS hairudishi data juu ya hifadhidata ya zamani, inaunda mpya. Taja mwenyewe kanuni za mtandao na kundi la parameta, la sivyo unaweza kupewa za kawaida na programu ikashindwa kuunganika. Taja --deletion-protection pia, maana kwa amri iliyorejeshwa huzaliwa bila kinga. Ili usibadilishe anwani kwenye programu, ipe ya zamani jina la mauzo-prod-kale kama bado ipo, kisha mpya uiite mauzo-prod; ndani ya akaunti na eneo lile lile anwani inarudi ile ile. Saa za mwanzo itakuwa nzito, kwa sababu data inavutwa kutoka S3 (hazina ya faili ya AWS) kadiri inavyoulizwa. Soma majedwali makubwa mwanzo hadi mwisho kabla ya kuwafungulia wateja.

Fanya zoezi hili kila mwezi kwenye nakala, na uhesabu rekodi za majedwali makuu. Januari 31, 2017, GitLab, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, walifuta kwa bahati mbaya data ya PostgreSQL kwenye seva yao kuu, kisha wakagundua kuwa pg_dump yao (chombo cha kutoa nakala rudufu ya PostgreSQL) ilikuwa haifanyi kazi: programu ilikuwa toleo la 9.2 na seva 9.6, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na snapshoti ya saa 6 nyuma iliyopigwa kwa mkono kwa kazi nyingine. Waliandika yote hadharani, na nawashukuru kwa hilo.

DynamoDB, hifadhidata nyingine ya AWS, nayo ina kinga ya kufutwa tangu 2023, na ukiwa umewasha urejeshaji wa wakati wowote, jedwali likifutwa nakala yake hubaki siku 35 bila kuombwa. Natamani RDS ingefanya vivyo hivyo.

Nakala moja ikae akaunti nyingine, ambayo wasimamizi wa kila siku hawana nenosiri lake. Snapshoti iliyosimbwa kwa ufunguo wa kawaida wa AWS haishirikishwi na akaunti nyingine, hivyo tangu mwanzo tumia ufunguo wako mwenyewe wa KMS (huduma ya AWS ya kutunza funguo za usimbaji). Na ulinde ufunguo huo kama data yenyewe: ukiombwa kufutwa, unasubiri siku 7 hadi 30 kulingana na ulivyochagua, na ukishaondoka, snapshoti zote zilizosimbwa nao hazifunguki tena.