Wiki mbili na mhasibu wa gharama: tathmini ya huduma tuliyoipata kiwandani Singida

Kiwanda chetu ni cha familia, kipo pembezoni mwa mji wa Singida, na kazi yake ni kukamua alizeti na kuuza mafuta kwa madumu ya lita 20. Mimi ndiye ninayeshika vitabu vya hesabu. Mwaka jana tuliwaita wahasibu wa ofisi moja ndogo watupangie upya gharama zetu, kazi waliyoifanya kwa siku kumi kwa malipo ya shilingi 800,000, na tathmini hii inahusu kazi hiyo. Jina la ofisi silitaji kwa kuwa sikuomba ruhusa yao, lakini ninaamini maelezo ya walichofanya yatamsaidia mwenye kiwanda kidogo anayefikiria kulipia huduma ya namna hii.

Sababu ya kuwaita ilikuwa mwezi Julai. Mwezi huo tulikamua gunia 600 za alizeti na kupata lita 10,000 za mafuta, tukauza lita 4,000 tu kwa shilingi 4,500 kila lita, na mashudu yote, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, yakachukuliwa na wafugaji kwa shilingi 9,000,000. Mapato yakawa shilingi 27,000,000. Upande wa matumizi niliandika kila gharama ya mwezi ule, jumla shilingi 45,000,000, na hesabu ikaonyesha hasara ya shilingi 18,000,000. Niliipeleka hesabu hiyo benki kuombea mkopo, afisa mikopo akaisoma mara mbili, akanirudishia karatasi zangu kwa upole na kuniuliza kama kiwanda bado kinafanya kazi. Wakati ananiuliza hivyo, lita 6,000 za mafuta safi zilikuwa zimepangwa stoo, na katika karatasi zile hazikuonekana popote.

Mhasibu aliyekuja hakuanza na vitabu, na kwangu hilo ndilo jambo la kwanza la kusifiwa katika huduma hii. Asubuhi ya siku ya kwanza aliomba apelekwe kwenye mashine, akasimama na fundi wetu tangu gunia linapofunguliwa hadi dumu linapofungwa kifuniko. Alipofika kwenye tangi ambamo mafuta hutuamishwa kabla ya kuchujwa, aliuliza:

"Shikamoo baba. Mafuta haya yanakaa humu siku ngapi?"

"Marahaba, binti. Siku tatu, mashapo yashuke chini. Ukiyachuja kabla ya hapo, chujio linaziba."

Akaandika. Mchana alinieleza kwa nini aliuliza. Banda lenye tangi lile tunalipangisha, na kodi yake ndogo ilikuwa ikiingia katika mstari mmoja na kodi ya ghala letu la Dodoma, kwa kuwa zote mbili ni kodi ya pango. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IAS 2, ambacho wahasibu wa Tanzania hukifuata pamoja na viwango vingine vya kimataifa, gharama ya kuhifadhi kitu huhesabiwa kuwa sehemu ya bidhaa pale tu uhifadhi huo unapohitajika katika uzalishaji wenyewe kabla ya hatua inayofuata. Mafuta yaliyo kwenye tangi bado yanatengenezwa, kwa hiyo kodi ya banda ni gharama ya bidhaa. Mafuta yaliyoko Dodoma yamekwisha kutengenezwa na yanasubiri mnunuzi, kwa hiyo kodi ya ghala lile ni gharama ya kipindi, na huondolewa katika faida ya mwezi uleule hata kama hakuna dumu hata moja lililouzwa.

Mfano huo ulinifungua macho kuliko darasa lolote nililowahi kuhudhuria. Gharama ya bidhaa husafiri na bidhaa: dumu likiwa stoo, gharama yake iko stoo pamoja nalo na huandikwa kama mali, na siku dumu linapouzwa ndipo gharama hiyo inapogeuka kuwa matumizi na kukutana na fedha za mauzo. Gharama ya kipindi haina dumu la kuingia. Huzaliwa na kumalizika katika mwezi wake. Nilikuwa nimezoea kutenganisha gharama kwa majina yake, yaani umeme, mishahara, kodi na usafiri, kumbe jina halikuambii lolote mpaka ujue gharama ile ilifanya kazi gani na mahali gani.

Hata lori letu lilikuwa hivyo. Linapotoka Iramba na Mkalama likiwa limebeba alizeti, nauli yake ni sehemu ya bei ya malighafi. Lori hilohilo likirudi barabarani na madumu kwa wateja wa Dodoma, nauli ni gharama ya kuuza na haihusiki kabisa na thamani ya mafuta yaliyobaki stoo. Dereva alipewa daftari jipya lenye safu mbili, na mpaka leo analijaza vizuri.

Umeme ulileta kazi zaidi, kwa sababu LUKU yetu ni moja kwa mashine na kwa ofisi. Mhasibu alikaa wiki nzima akisoma mita jioni mashine zinapozimwa na asubuhi kabla hazijawashwa, akapata makisio ya umeme unaotumiwa na ofisi na taa za nje, kisha akayatoa katika gharama za uzalishaji. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo. Mtu mwingine angekadiria asilimia fulani akiwa kitini, na hapo ndipo niliposadiki kwamba ofisi ile inaijali kazi yake. Mshahara wa mlinzi ulikuwa mdogo kiasi kwamba tulikubaliana uandikwe wote upande wa utawala.

Baada ya siku hizo, Julai iliandikwa upya. Alizeti gunia 600 kwa shilingi 55,000 pamoja na nauli mpaka kiwandani, jumla shilingi 33,000,000. Umeme wa mashine, 2,400,000. Madumu 500 kwa shilingi 4,000, yaani 2,000,000. Ujira wa waendesha mashine na vibarua, 1,800,000. Uchakavu wa mashine na jengo lake, yaani thamani inayopungua kadiri vinavyotumika, 900,000. Msimamizi wa karakana, 600,000. Vipuri na mambo madogo ya kiwandani, ikiwemo kodi ya lile banda, 300,000. Zote hizo ni shilingi 41,000,000, nazo ni gharama za bidhaa. Ukitoa shilingi 9,000,000 za mashudu, lita 10,000 zimegharimu 32,000,000, sawa na shilingi 3,200 kwa lita. Zilizobaki, yaani ghala la Dodoma, lori la kwenda kwa wateja, kamisheni ya wauzaji, karani wa ofisi, mlinzi, matangazo ya redio na riba ya mkopo, zilifika shilingi 4,000,000, na ndizo gharama za kipindi.

Lita 4,000 zilizouzwa zilibeba gharama ya shilingi 12,800,000 dhidi ya mauzo ya 18,000,000. Ukitoa tena 4,000,000 za kipindi, Julai ilikuwa na faida ya shilingi 1,200,000. Shilingi 19,200,000 zilikuwa stoo, ndani ya lita 6,000 zilizosubiri wateja. Hakuna shilingi iliyoongezwa wala kufichwa, ila kila moja iliwekwa mahali pake. Niliipeleka hesabu hiyo benki na mazungumzo yakaanza upya.

Sasa niseme yale ambayo sikuridhika nayo, kwa sababu yapo na yana uzito.

La kwanza ni mashudu. Mhasibu aliyachukulia kuwa zao la pembeni, kwa hiyo thamani yake ikapunguzwa tu katika gharama ya mafuta. Kiwango cha IAS 2 kinaruhusu njia hiyo pale zao la pembeni linapokuwa na thamani ndogo isiyobadilisha picha ya hesabu. Lakini kwetu mafuta ya Julai yana thamani ya shilingi 45,000,000 na mashudu 9,000,000, na mimi sioni jinsi milioni tisa zinavyoweza kuitwa kidogo katika kiwanda cha ukubwa wetu. Ikiwa mashudu ni zao kamili, gharama za pamoja za shilingi 39,000,000 zinazotangulia kufungasha zingepaswa kugawanywa kati ya mazao mawili kwa uwiano wa thamani zake. Nilifanya hesabu hiyo mwenyewe: ukiondoa madumu, thamani ya mafuta ni 43,000,000, mashudu 9,000,000, na fungu la mafuta katika gharama za pamoja huwa 32,250,000. Rudisha madumu ya 2,000,000, lita inagharimu shilingi 3,425 badala ya 3,200. Tofauti ya shilingi 225 ni kubwa kwa mtu anayepanga bei ya jumla na kushindana na mafuta yanayotoka nje. Mhasibu alinisikiliza na kusema kwamba njia zote mbili zina hoja, mradi moja ichaguliwe na kufuatwa kila mwaka. Ni jibu sahihi, lakini lilipaswa kutolewa kabla ya kazi kuanza, na uchaguzi uwe wetu.

La pili ni kosa hasa. Jedwali la kompyuta waliloliacha lilikuwa linagawa gharama zisizobadilika kwa lita zilizopatikana mwezi husika, ziwe nyingi au chache. Kwetu sisi, tunaohifadhi alizeti ya msimu na kukamua mwaka mzima kwa wastani wa lita 10,000 kwa mwezi, uchakavu na mshahara wa msimamizi ni shilingi 1,500,000, sawa na shilingi 150 kwa lita. Mwezi Septemba giaboksi ya mashine ilivunjika, tukakaa wiki tatu tukisubiri kipuri, na tukapata lita 2,500 tu. Jedwali likaziwekea lita hizo shilingi 600 kila moja, kana kwamba mafuta ya Septemba yalikuwa bora kuliko ya Julai. Karani wa mauzo alikuwa tayari anaandika bei mpya. Nilimzuia, nikarudi kwenye kiwango, na kinasema wazi kwamba gharama zisizobadilika za uzalishaji zigawanywe kwa uwezo wa kawaida wa kiwanda, kwetu lita 10,000 kwa mwezi, na kisichobebwa na bidhaa kiandikwe kuwa matumizi ya kipindi hicho. Kwa hiyo lita 2,500 zilistahili kubeba shilingi 375,000, na shilingi 1,125,000 zilizobaki zilikuwa gharama ya mashine kusimama. Hasara ya giaboksi haiwezi kufichwa ndani ya dumu na kuitwa mali.

Nilipopiga simu, mhasibu alikiri kosa bila kubishana, na baada ya siku tisa alileta jedwali lililorekebishwa bila kudai malipo. Ninamheshimu kwa hilo. Hata hivyo, kiwanda kisicho na mtu wa kukagua kingeendelea kupandisha bei kila mashine inapoharibika, na kuishusha mambo yanapokuwa mazuri, bila kujua sababu. Kosa hilo limegusa kiini cha kazi tuliyoilipia.

La tatu ni lugha. Jedwali zima liliandikwa kwa Kiingereza. Mtunza stoo wetu ni mtu makini aliyeijua stoo ile kwa miaka mingi, lakini alikuwa akinipigia simu kila jioni kuuliza safu ipi ni ya nini, na siku moja lita 200 zilizomwagika baada ya bomba kupasuka aliziandika pamoja na upungufu wa kawaida wa kuchuja. Mambo hayo mawili hayafanani. Mafuta yanayobaki kwenye chujio kila siku ni sehemu ya kuzalisha na gharama yake hubebwa na lita zilizo nzima, ilhali yaliyomwagika kwa ajali ni hasara ya mwezi. Tuligundua wakati wa kuhesabu madumu. Angekuwa na safu iliyoandikwa "upotevu usio wa kawaida", asingekosea.

Pamoja na hayo yote, ninaipendekeza huduma hii kwa kiwanda chochote ambacho bidhaa zake hukaa stoo zaidi ya mwezi: wakamuaji wenzangu wa alizeti, watengeneza sabuni, maseremala wanaotengeneza samani kabla ya kupata mteja. Fundi anayetengeneza kwa oda na kukabidhi siku hiyohiyo hatapata tofauti kubwa, maana stoo yake ni tupu na gharama zote zinakutana na mauzo mwezi mmoja. Shilingi 800,000 nilidhani ni nyingi siku ya kulipa. Sasa naona ni bei ya haki, kwa masharti kwamba mteja aulize mapema uwezo wa kawaida wa kiwanda utapimwaje na mazao ya pamoja yatagawanywaje, na majibu yaandikwe kwenye mkataba.

Tumekubaliana waje tena tarehe 31 Desemba kusimamia kuhesabu stoo, kwa kuwa thamani ya mafuta yatakayobaki siku hiyo ndiyo itakayoamua faida tutakayoipeleka TRA. Mhasibu ameahidi kuja na jedwali la Kiswahili, na mtunza stoo amekwisha kumwandikia kwa mkono majina ya safu anayoyataka.