Uanachama wa chama chetu cha wazalishaji Mtwara: lipia maabara, samehe hafla

Kiingilio shilingi 30,000, ada ya mwaka 150,000, na cheti wanakupa bila fremu. Naanza na bei kwa sababu kila anayeingia dukani kwangu hapa Mikindani akakiona kile cheti juu ya rafu ya sabuni huuliza, "Mama, na hawa wanakupa nini?" Jina la chama sitaliandika. Walio Mtwara na Lindi watakitambua, na walio kwingine huenda wana chama kama hicho kwao.

Wanachama ni mchanganyiko wa aina yake. Tupo wa mwani, tunaousaga kuwa unga na kuutia kwenye sabuni na mafuta ya kupaka. Yupo mama wa Newala anayekamua mabibo na mengine kuyakausha yawe kochoko. Wapo vijana wawili wa kiuatilifu cha mwarobaini, bwana anayekamua mafuta ya maganda ya korosho, wafugaji nyuki wa Liwale, muuza vitendanishi, yaani kemikali za maabara, mfamasia mmoja, na mzee wa Tandahimba ambaye kazi yake ni kuhamisha viota vya majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, kutoka mkorosho mmoja hadi mwingine ili mbu wa mikorosho, wadudu wanaoushambulia mti, waliwe bila kupuliza dawa. Mgeni akitukuta tumekaa pamoja atadhani nusu yetu tumepotea chumba. Ila shida yetu ni moja. Kila mmoja anatengeneza kitu kinachogusa ngozi, tumbo au shamba la mtu mwingine, kwa hiyo kila mmoja anatakiwa awe na kipimo, kibali na kifungashio cha maana, na hakuna hata mmoja mwenye ubavu wa kuvigharamia vyote peke yake.

Vifungashio kwanza. Kiwanda cha chupa hakikuuzii chupa mia mbili. Kinataka oda ya maelfu. Nilikuwa nachukua rejareja Kariakoo, zinakuja kwa basi, nyingine zimebonyea. Siku hizi katibu anakusanya oda zetu kila robo mwaka, kostiki ya kutengenezea sabuni, chupa, glovu na mifuko, vinapanda lori moja. Bei ya chupa yangu imeshuka karibu theluthi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara kuu pale Somanga, mzigo wetu ulizungushwa Songea, ukapitia Tunduru na Masasi, na gharama ya mzunguko tukagawana. Mtu mwenye mzigo wa boksi tatu asingeweza kukodi njia hiyo.

Maabara nayo. Mwani hufyonza kilichomo majini, kizuri na kibaya, hivyo mnunuzi anayeijua kazi hababaishwi na harufu wala rangi. Anataka kujua risasi, zebaki na arseniki, unyevu, na vijidudu. Wenzetu wa karanga kutoka Nanyumbu wanaulizwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Kupima metali nzito peke yake ni pesa inayoweza kumeza faida ya kundi zima la sabuni. Chama kinachukua sampuli za wanachama, kinazifunga kwenye kisanduku chenye barafu, kinazipeleka Dar kwa pamoja, na kinajadili bei kama mteja mmoja mkubwa. Cheti cha majibu kinatoka kwa jina la biashara yako, si la chama, kwa hiyo ukijitoa kesho unaondoka nacho.

Kasoro zipo. Sampuli yako inangoja za wengine zitimie, na mwenye tenda inayofungwa wiki hii atalipia mwenyewe. Halafu sampuli anaichota mwanachama kwa mkono wake, na wapo wanaopeleka unga uliochambuliwa kama mchele wa kupikia mkwe. Majibu yanakuja safi, ila mzigo wa dukani ni habari nyingine. Nimeshasema kikaoni kwamba anayechota awe mtu wa chama, tena achote kwenye gunia lililoshonwa. Waliinamisha vichwa wakaandika. Bado nasubiri.

Sasa huduma ambayo ningeilipia hata kama nyingine zote zingefutwa: dada anayesoma lebo. Ni mtu wa famasia, anakaa ofisini Jumanne na Alhamisi, na kalamu yake nyekundu imeokoa biashara za watu. Tangu Julai 2019 chakula na vipodozi viliondolewa kwa iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, vikapelekwa TBS, shirika la viwango, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Miaka imepita, na bado wapo wanaoulizia ofisi ya TFDA. Kutokana na hapo, neno moja kwenye lebo linakuhamisha ofisi. Sabuni yangu ikisema inasafisha na kulainisha ngozi, ni kipodozi, nakwenda TBS. Ikisema inatibu fangasi, nimeshaitangaza kuwa dawa, na TMDA watataka ushahidi ambao mimi na sufuria zangu hatuna. Dawa ya mitishamba ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kiuatilifu cha mwarobaini, hata kama kimetokana na majani ya uani kwako, ni cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na makao makuu yao yako Arusha. Kwa kijana wa Mtwara, Arusha ni kuivuka nchi.

Nilikuwepo siku mama mmoja wa unga wa mlonge alipoleta lebo yake. Ilitaja presha, sukari, vidonda vya tumbo, maumivu ya mgongo na nguvu za kiume. Dada aliisoma yote, akaiweka mezani taratibu.

"Shangazi, hapa umesajili hospitali, siyo unga."

"Mwanangu, si ndiyo inayouza?"

"Inauza sokoni Chuno. Dukani penye mkaguzi haitafika."

Walibishana, wakacheka, wakabishana tena. Mwisho lebo ikabaki na jina la unga, uzito, tarehe na namna ya kutumia. Akachukua barua SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa sababu mjasiriamali mdogo akipitia huko TBS humhudumia alama ya ubora bila malipo, na leo unga wake unakaa rafuni kwenye duka kubwa mjini. Barua ya SIDO haihitaji uanachama wa chama chochote, mtu yeyote anaweza kuiomba. Ila shangazi yule asingejua aombe nini mpaka mtu amsomee lebo yake bila kumdharau.

Mafunzo ni ya kubahatisha. Yale ya usafi wa chumba cha uzalishaji yalikuwa mazuri. Yale ya "kujitangaza kidijitali" yangetosha kuwa ujumbe wa simu. Halafu akaja mtaalamu na projekta kutuonyesha Boston, namna jimbo la Massachusetts kule Marekani lilivyojaza kampuni za dawa na bioteknolojia. Alisimama sana kwenye sheria ya mwaka 2008 iliyotenga dola bilioni 1 kwa miaka 10, na ukumbi ukapiga makofi kana kwamba hundi iko mfukoni mwake.

Mimi makofi ningeyapiga kwenye slaidi mbili alizozipita haraka. Moja ilisema chama cha kampuni hizo, MassBio, kilianzishwa 1985. Toka hapo hadi bilioni ile ni miaka 23. Nyingine ilihusu Cambridge, mji wa ng'ambo ya mto tu kutoka Boston. Mwaka 1976 wakazi waliingiwa hofu na utafiti wa kuunganisha vinasaba uliokuwa ukipangwa Harvard. Baraza la mji likausimamisha kwa muda, likaunda kamati ya raia wa kawaida wawasikilize wanasayansi, na 1977 likapitisha sheria ndogo. Kampuni zilipoanza kuja zilikuta mji ambao kanuni zake zimeandikwa na kila mtu anajua nini ni ruksa na nini si ruksa. Kwa macho yangu hiyo ni kazi ya kalamu nyekundu, kwa kipimo cha mji mzima. Pesa ilifuata baadaye sana. Nilinyoosha mkono niseme hilo, muda ukawa umekwisha, chai ikaletwa.

Chai yenyewe ni sehemu ya tatizo. Ukisoma mapato na matumizi, na mwanachama ana haki ya kuyaomba, utaona hafla ya mwaka inakula zaidi ya kisanduku cha sampuli. Fulana, mabango, ukumbi wa hoteli, chakula cha wageni wa heshima. Pale kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane, viwanja vya Ngongo, Lindi, banda letu lilikuwa na picha kubwa za viongozi mbele na bidhaa zetu meza ya nyuma, karibu na jenereta. Kundi la WhatsApp nalo ni maua ya "asubuhi njema" na salamu za Ijumaa. Tangazo la tenda likipita humo utalikuta limezama.

Kilichoniudhi kweli ni mkutano mkuu. Waliuweka siku za bamvua. Yeyote aliyekulia pwani anajua kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hutoka sana, na ndipo kina mama wa Naumbu na Msanga Mkuu wanaingia kufunga mbegu na kuvuna. Kuitisha kikao siku hizo ni kuwafungia mlango watu wa mwani bila kuwaandikia barua. Uchaguzi ukafanyika, na kamati nzima haina mkulima wa mwani hata mmoja. Angekuwepo, angewaambia kwamba cottonii, aina ya mwani inayolipa vizuri, inakufa maji yakipata joto, na spinosum, aina inayovumilia, bei yake iko chini. Hilo ni suala la mbegu, la watafiti na bajeti, yaani lile hasa ambalo mtu mmoja mwenye kamba zake za mwani hawezi kulipeleka popote ila kwa kupitia chama.

Pia kuna viti ambavyo chama hakijavijaza. TARI Naliendele iko hapa hapa nje kidogo ya mji, kituo kilichobeba utafiti wa korosho, ufuta na karanga. Chama kinawaalika watafiti kama wageni, wakae meza kuu, wapigwe picha. Mimi ningewaandalia uanachama wa taasisi, wakae na yule mzee wa majimoto, kila mmoja amfundishe mwenzake. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini nayo ni mnunuzi aliyeko mlangoni. Sijaona hata kikao kimoja cha kuwauliza wanatumia sabuni na vitakasa vya namna gani, kwa viwango gani.

Na bwana wa mafuta ya maganda! Yuko Mtwara, katikati ya mikorosho, na analia hana maganda. Korosho yetu nyingi inasafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na ganda linakwenda nayo. Mafuta yale, yanayobabua mikono ya wabanguaji, yana kazi viwandani, kwenye rangi na kwenye bitana za breki. Malighafi anaiona ikipita kwa malori kuelekea bandarini. Ombi la sehemu ya korosho ibanguliwe hapa lina wasemaji wengi, lakini yeye anaweza kuwaonyesha wakubwa mashine iliyosimama kwa kukosa maganda. Chama kimempa dakika tano za kuongea tangu ajiunge. Ningempa asubuhi nzima.

Hukumu yangu: kama unazalisha kitu kinachohitaji kipimo au kibali, lipa. Chupa, kisanduku cha sampuli na dada wa lebo vimenirudishia ada na chenji. Kama wewe ni mchuuzi unayenunua na kuuza tu, baki na laki yako na nusu, hutapata cha kukufaa. Kama unatafuta soko, usitarajie wakuletee. Hadi sasa wanunuzi wangu nimewatafuta kwa miguu yangu.

Ofisi inafunguliwa saa tatu, ila katibu utampata kuanzia saa nne. Nenda na TIN, yaani namba ya mlipakodi, cheti cha BRELA cha usajili wa biashara, na nakala ya lebo yako hata kama ni ya kuandika kwa mkono. Lipia benki, si mkononi, na dai risiti ya chama palepale. Omba mapato na matumizi ya mwaka uliopita kabla hujasaini. Hawapendi kuyatoa, lakini ukikaa kwenye benchi bila kuondoka wanayatoa.