Ndege ya Kabini ya Injini Mbili za Pistoni: Ipi ya Kwanza, Ipi ya Kuachana Nayo

Mlango wa nyuma wenye ngazi, ujia katikati ya viti, abiria wanaokaa wakitazamana: hiyo ndiyo ndege ya kabini. Tatizo ni kwamba zote ninazozitaja hapa ziliacha kuundwa katika miaka ya 1980, kwa hiyo unanunua mashine iliyokwishazeeka. Bei ya kununulia ni mwanzo tu wa gharama. Ndege ya bei chee mara nyingi inakuja na injini mbili zinazosubiri ukarabati mkubwa.

Nafasi ya kwanza naipa Cessna 414A Chancellor. Kabini yake ina shinikizo la hewa, hivyo unapaa juu ya mawingu mengi bila barakoa ya oksijeni. Injini zake, Continental za nguvu za farasi 310, zinazungusha propela moja kwa moja, bila gia. Haina mbwembwe nyingi, na si ya kasi kuliko wenzake, lakini kwa mtu anayejilipia mwenyewe, ndiyo ningeinunua.

Ya pili ni dada yake, Cessna 421C Golden Eagle. Raha ya abiria inafikia kilele hapa: ni tulivu na ina nafasi. Utulivu huo unatokana na gia. Injini yake ya nguvu za farasi 375 inazunguka kasi, propela inazunguka polepole, kwa uwiano wa 3 kwa 2. Gia hizo zinataka rubani mwenye adabu. Akipunguza nguvu ghafla wakati wa kushuka, propela huanza kuisukuma injini badala ya kusukumwa nayo, na gia ndizo zinazoumia. Kwa hiyo muulize muuzaji nani amekuwa akiirusha, kisha usome daftari za injini mwenyewe. Mafuta nayo ni karibu lita 150 kwa saa.

Ukitaka kubeba mizigo na watu wengi, na huna haja ya shinikizo la hewa, chukua Piper Chieftain. Injini zake za Lycoming, nguvu za farasi 350 kila moja, zinazunguka pande zinazopingana, kwa hiyo ikizimika moja, haijalishi ni ya kushoto au ya kulia. Ni ndege ya kazi, na nyingi zimefanyishwa kazi kweli. Tazama saa ambazo fremu ya ndege imesharuka kabla ya kutazama rangi.

Cessna 340A ni nzuri kwa watu wanne na mabegi yao. Jaza viti vyote sita na utalazimika kupunguza mafuta.

Beechcraft Duke naiweka mwisho. Ni nzuri kuitazama kuliko zote, ila injini yake aina ya TIO-541 haikutumika kwenye ndege nyingi nyingine, na vipuri vyake utavilipia.

Kwa Cessna zote tatu, fundi wako, siyo wa muuzaji, aanze na mabomba ya moshi ya turbo. Yakipasuka, moshi wa moto mkali huelekea kwenye muundo wa bawa, na mwaka 2000 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la lazima la kuyakagua. Ukikuta agizo hilo halijatimizwa kwenye karatasi, usilipe hata amana. Na kabla ya hapo, pigia kampuni ya bima: huenda ikakutaka mafunzo ya kila mwaka na saa za kurusha ndege za injini mbili ambazo bado huna.