No Country for Old Men: muvi isiyokutonya lini uogope

Kama unatafuta muvi ya kuwasha tu huku unachati, hii achana nayo kabisa. No Country for Old Men ya mwaka 2007, ya wale ndugu wawili Joel na Ethan Coen, inataka masikio kuliko macho, na wengi wanaosema "mbona imepoa hivi" nahisi wameiangalia kwenye spika ya simu tena sauti nusu, sasa hapo utaambulia nini.

Stori yenyewe haina makuu. Texas, 1980, jamaa anaitwa Llewelyn Moss yuko zake anawinda nyikani anakutana na magari, maiti na mzigo wa hela, anabeba hela, basi muuaji mmoja anaitwa Anton Chigurh (Javier Bardem huyo, na ile nywele yake) anaanza kumwandama, na nyuma yao yuko sherifu mzee, Tommy Lee Jones, ambaye kila anapofika anakuta mambo yameshaisha. Ndo hivyo tu. Kazi yote iko kwenye saundi.

Muvi ina saa mbili na kidogo, muziki wa Carter Burwell humo ndani ni kama dakika 16, na sehemu ya hizo dakika iko kule mwisho kabisa majina yanapopita. Yaani mtu anakimbizwa, anapigwa risasi, anaruka mtoni, na husikii hata violini moja. Na wala sio ubahili. Fikiria tulivyozoea, mlango unafunguka taratibu, muziki unaanza kupanda, wewe unajua kabisa nyuma ya pazia kuna mtu unajiandaa mapema. Kwenye Jaws ya 1975 John Williams alitengeneza zile noti mbili za kukuambia papa anakuja, na kuna kipande watoto wanatisha watu majini kwa pezi la bandia, pale noti hazipigwi kabisa, kwa hiyo ukiwa makini unajua ni utani kabla hata hawajashikwa. Muziki wa hivyo ni kama rafiki aliyekaa pembeni yako anakutonya. Akina Coen wamemtoa huyo rafiki nje, na hapo ndo nilipowavulia kofia, kwa sababu unabaki kwenye hali ileile ya yule sherifu ambaye muvi nzima analia kwamba uovu wa siku hizi haelewi unatokea wapi wala unakuja lini. Hukuhubiriwa hilo, unalisikia mwenyewe kwa ukimya.

Kipande cha hotelini usiku ndo kipimo. Moss kakaa kitandani gizani, kashagundua kwamba ndani ya hela kuna kidude kinachotoa ishara, anapiga simu mapokezi, na unaisikia ile simu ikilia kule chini, inalia, inalia, hakuna anayepokea. Hujaonyeshwa mtu wa mapokezi kafanywa nini ila umeshajua. Halafu nyayo. Halafu kamlio ka mashine ya kutafutia ishara, kivuli cha miguu chini ya mlango, miguu inaondoka, taa ya korido inazimika. Mimi pale nilijikuta nimeacha kutafuna. Wangeweka ngoma za kutisha hapo tungeona kipande cha kawaida tu, tumeshaona mia.

Na maongezi. Kuna kile kipande cha kituo cha mafuta, Chigurh na mzee muuza duka, wamesimama wanaongea tu, hakuna bunduki inayotolewa. Mzee anaongea yale maneno ya kumchangamkia mteja, hali ya hewa huko utokako, na huyu jamaa kila neno analichukua kama lilivyo analirudisha kama swali. Mnafunga saa ngapi? Sasa hivi. Sasa hivi sio saa, mnafunga saa ngapi? Sauti hapandishi hata kidogo. Mzee anaanza kuelewa polepole kwamba haya maongezi yana kitu kingine chini yake ila hajui ni nini, na kale kapakiti alikokunja Chigurh kakawekwa juu ya kaunta kanajikunjua kenyewe kanatoa mlio, chrr, chrr, na kamera imetulia inakaangalia. Kitu kingine, pale kuna muziki lakini hutaujua, Burwell aliweka mvumo wa chini kabisa akaulinganisha na mngurumo wa friji, hezi 60 (yaani mitetemo 60 kwa sekunde), kwa hiyo mwili unasikia kitu kimebadilika, ukitafuta nini hukioni.

Kuna sehemu moja tu ya kuchekesha kwa muziki, Moss kalala kwenye ngazi upande wa Meksiko anavuja damu, anaamshwa na wale wanamuziki wa mariachi wanamwimbia kwa furaha zote, mpaka wanaiona ile damu, wimbo unajifia wenyewe. Ndo bendi pekee ya kueleweka humo ndani, na imekuja kumwimbia mtu mahututi. Akina Coen bana.

Sasa lawama zangu. Sherifu anaongea kwa lafudhi nzito ya Texas tena kwa chini, na muvi inaanza na sauti yake na kuisha na yeye mezani akisimulia ndoto alizoota kuhusu baba yake, sasa ukikosa maneno yale umekosa muvi, washa maandishi tu usione aibu. Halafu ukiongeza sauti ili umsikie, bunduki zikianza majirani watakugongea. Hilo kwa nyumba za kupanga ni tatizo kweli.

Ilibeba Oscar 4, ikiwemo ya filamu bora, ila zile mbili za sauti ilizoteuliwa zote zilienda kwa The Bourne Ultimatum. Ambayo ina makelele mazuri, sikatai. Lakini kunyamazisha muvi nzima na watu wasiondoke kwenye viti, aisee.

Nyota nne na nusu. Vaa hedifoni, zima feni.