Stendi ya darubini ya ndege: ununue ipi?

Watu huchukua miezi wakilinganisha vioo na bei za darubini kubwa za jicho moja, kisha wanaifunga juu ya stendi nyepesi ya kamera. Ukivuta ndege karibu mara 40, mtikisiko nao unakuzwa mara 40. Kwa hiyo kama fedha hazitoshi, shuka daraja moja kwenye darubini, lakini usishuke kwenye stendi.

1. Alumini, miguu ya vipande vitatu, kichwa cha video. Hii ndiyo ya watu wengi. Kwa mfano, stendi ya kampuni ya Manfrotto, 055 ya alumini, ina kilo 2.5 hivi na hubeba hadi kilo 9, ilhali darubini ya kioo cha milimita 80 huwa na kilo 2 hivi. Miguu ya vipande vinne hukunjika ikawa mifupi zaidi, ila kipande cha nne ndicho chembamba kuliko vyote, na mtetemo huanzia hapo. Kichwa ni kile kifaa cha juu kinachoshika darubini. Cha video, mfano MVH500AH ya Manfrotto yenye gramu 900, kina mkono mmoja wa kuizungusha darubini polepole ukimfuata ndege anayetembea. Kichwa cha gololi, kinachogeuka pande zote juu ya mpira, waachie wapiga picha: ukikilegeza, darubini inalala upande na inaweza kuangusha stendi nzima.

2. Nyuzi za kaboni, kichwa kilekile. Bei yake ni ya juu sana kwa nusu kilo hivi unayopunguza, ingawa hutulia upesi ikiguswa. Inafaa mtu atembeaye mbali kwa miguu. Mida Creek, mkono wa bahari karibu na Watamu, Kenya, ndege wala kaa huonekana zaidi msimu uleule wa upepo wa kaskazi, na stendi nyepesi huyumba. Ning'iniza mkoba chini ya nguzo ya katikati, uguse ardhi kidogo usije ukabembea. (Kwenye lile daraja la kamba la Mida, stendi yoyote itatikisika mtu akipita. Wenzako wasimame kwanza.)

3. Kibanio cha dirisha la gari. Serengeti au Nakuru muda mwingi utatazama ukiwa ndani ya gari, na miguu mitatu haina pa kukaa. Zima injini. Mfuko wa mchele juu ya mlango nao unafanya kazi nzuri kwa bei ndogo.

4. Stendi za simu na za plastiki. Usinunue, hata ukipunguziwa.

Urefu upime bila kuinua nguzo ya katikati, kwa sababu ikiinuliwa uthabiti unapungua. Darubini yenye jicho lililopinda huhitaji stendi fupi kuliko ile iliyonyooka.

Dukani, nenda na darubini yako. Refusha miguu yote, vuta hadi mara 40, lenga kibao cha mbali, kisha gonga mguu mmoja kwa kidole. Picha isipotulia mara moja, irudishe rafuni. Angalia pia bati la kufungia darubini kwenye kichwa liwe na kipini kidogo kando ya skrubu, la sivyo darubini itajizungusha yenyewe.

Kwa wa pwani, chagua kufuli za miguu za kubana kwa kidole kuliko za kuzungusha. Mchanga hauzikwamishi upesi. Ukisimamisha stendi kwenye tope, refusha kwanza kipande cha chini kabisa ili kiungo kibaki juu ya maji ya chumvi, na jioni isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi.